Shule Ndogo na Mzazi: Udogo wa Darasa Si Mbinu ya Kufundishia

Mwalimu wa shule ya msingi huulizwa na wazazi mambo mengi ambayo hayamo katika muhtasari wa masomo. Mojawapo, ambalo yamkini wanachuo wa leo wataulizwa mara nyingi kuliko walimu waliowatangulia, ni hili: je, ni vema mzazi amtoe mtoto wake katika darasa la watoto 80 au 90, ampeleke mahali penye watoto 10 tu, wanaofundishwa na mtu mmoja sebuleni kwake au katika chumba cha kupanga? Swali hilo si la kubezwa, wala si la kujibiwa kwa neno moja. Madhumuni ya makala haya ni kueleza shule za namna hiyo ni zipi, zimetoka wapi, na ni mambo gani mzazi anapaswa kuyajua kabla ya kumwandikisha mtoto wake.

Maoni yangu nayatoa mapema ili msomaji ayapime njiani. Udogo wa darasa ni nafasi ya kufundisha vema, wenyewe haufundishi. Mzazi anayelipia uchache wa watoto bila kuuliza juu ya mwalimu na mbinu zake hajui bado amelipia nini. Na mwalimu asiyeweza kumsaidia mzazi huyo kuuliza maswali yanayofaa hajatimiza wajibu wake kwa mtoto.

Asili ya shule hizi

Nchini Marekani shule za aina hii huitwa maikroskuli, maana yake shule ndogo sana. Aghalabu huwa na watoto watano hadi kumi na watano, au zaidi kidogo, wa umri mbalimbali, waliokusanywa katika nyumba ya mtu, jengo la kanisa au chumba cha kukodi. Nyingine huendeshwa na walimu walioacha kazi katika shule za umma. Nyingine huendeshwa na wazazi wenyewe, au na kampuni inayowapa waendeshaji vitabu, programu za kompyuta na maelekezo.

Jambo lenyewe si geni katika nchi hiyo. Mwanzoni mwa karne ya 20 Marekani ilikuwa na takriban shule 200,000 za mwalimu mmoja na chumba kimoja, nyingi zikiwa mashambani. Humo walikaa pamoja watoto wa miaka sita na vijana waliokaribia kubalehe au waliokwisha kubalehe. Mwalimu aliita kundi moja mbele, likae kwenye benchi, lisome na kujibu maswali, huku makundi mengine yakiendelea na kazi za kimya. Shule hizo zilipungua kadiri barabara na mabasi yalivyorahisisha kuunganisha shule kadhaa kuwa moja, na kadiri ilivyokubalika kwamba kila darasa liwe na watoto wa rika moja na mwalimu wake aliyesomea kazi.

Shule ndogo za siku hizi zimezaliwa kwa sababu nyingine. Mwaka 2009 ilianzishwa katika mji wa Austin, jimbo la Texas, shule iitwayo Acton Academy, ambayo ilichanganya watoto wa umri mbalimbali na kumwita mtu mzima aliye nao kiongozi badala ya mwalimu. Mwaka 2018 ikaanza katika mji wa Mesa, jimbo la Arizona, kampuni ya Prenda, ambayo husaidia watu wa kawaida kufungua shule ndogo majumbani mwao. Viongozi wake hawalazimiki kuwa na cheti cha ualimu. Mwaka 2020 ugonjwa wa UVIKO-19 ulipofunga shule, wazazi wengi wa Marekani walikusanya watoto wa majirani na kutafuta mtu wa kuwasimamia, na baadhi ya makundi hayo hayakuvunjika shule zilipofunguliwa. Mwaka 2022 jimbo la West Virginia likazitaja shule ndogo katika sheria zake. Mwaka huohuo Arizona ikapanua mpango wake wa tangu 2011, ambao awali ulikuwa wa watoto wenye ulemavu, ili mzazi yeyote aweze kupewa fedha za umma, takriban dola 7,000 kwa mwaka kwa mtoto, azitumie kumsomesha nje ya shule za umma. Fedha hizo zilizipa shule ndogo nguvu ambayo hazikuwa nayo kabla.

Kwetu Tanzania hakuna mpango wa fedha wa namna hiyo. Hata hivyo mambo mawili yanaifanya habari hii ituhusu. Kwanza, katika miji yetu wapo watu wanaokusanya watoto wachache majumbani kwa ajili ya masomo ya ziada, na yapo makundi yanayoanza kama twisheni na kuishia kuwa shule machoni pa mzazi. Pili, huko vijijini tunazo shule ndogo zetu wenyewe, yaani shule shikizi, ambazo huwekwa karibu na makazi ili watoto wadogo wasitembee mwendo mrefu kwenda shule mama. Mwaka 2021, kwa fedha za mkopo wa shilingi trilioni 1.3 zilizotolewa ili kukabiliana na athari za UVIKO-19, serikali ilipanga kujenga vyumba 3,000 vya madarasa katika vituo shikizi. Baadhi ya wanachuo wanaosoma makala haya watapangiwa kazi huko. Kwa hiyo swali la jinsi ya kufundisha watoto wachache wa umri mbalimbali ni letu kama lilivyo la Wamarekani.

Kinachowavuta wazazi

Tusianze kwa kuwalaumu wazazi. Mzazi anayetafuta darasa la watoto 10 ana hoja, na hoja hiyo inahesabika. Chukua kipindi cha kusoma cha dakika 30. Mwalimu mwenye watoto 10, akiamua kumsikiliza kila mmoja, anaweza kumpa dakika tatu. Mwalimu mwenye watoto 90 ana sekunde 20 kwa kila mtoto, na hapo hajafuta ubao wala hajamwambia mtu akae. Katika dakika tatu mwalimu hutambua kwamba mtoto anachanganya b na d, au kwamba amekariri ukurasa na kuangalia picha bila kusoma maneno. Katika sekunde 20 hatambui chochote.

Tangu michango ya lazima ilipofutwa kwa waraka wa mwaka 2015, ulioanza kutekelezwa Januari 2016, watoto wengi waliokuwa nyumbani waliandikishwa shule. Hilo ni jambo jema ambalo hapana mwalimu mwenye moyo wa ualimu atakayelijutia. Lakini vyumba na walimu havikuongezeka kwa kasi hiyo, na darasa linalopaswa kuwa na watoto 45 likawa na zaidi ya hao mahali pengi. Mzazi anaona mtoto wake anamaliza Darasa la Pili bila kusoma sentensi moja, na mwalimu wake hamjui kwa jina. Mzazi huyo akisikia kwamba mtaa wa pili kuna mama mmoja anayefundisha watoto wanane, atakwenda kuuliza. Mwalimu anayemjibu kwa hasira anamwonyesha tu kwamba hakuelewa uchungu wake.

Uchache unasaidia lini?

Ushahidi juu ya udogo wa darasa upo, na kila mwanachuo anapaswa kuujua, kwa kuwa unazuia kusifu mno na kukataa mno.

Mwaka 1985 jimbo la Tennessee, Marekani, lilianza jaribio la miaka minne, kuanzia chekechea hadi darasa la tatu. Shule 79 zilishiriki, na watoto zaidi ya 11,000 walihusika katika kipindi chote. Watoto na walimu waligawanywa kwa bahati nasibu katika madarasa ya aina tatu: madarasa madogo ya watoto 13 hadi 17, madarasa ya kawaida ya watoto 22 hadi 25, na madarasa ya kawaida yenye mwalimu pamoja na msaidizi wake wa kutwa nzima. Matokeo yalikuwa dhahiri. Watoto wa madarasa madogo walisoma na kuhesabu vizuri zaidi, na faida ilikuwa kubwa zaidi kwa watoto weusi kuliko kwa weupe. Lakini angalia na upande wa pili: darasa lililoongezewa msaidizi halikutofautiana sana na darasa la kawaida. Kuongeza mtu mzima chumbani hakukuleta kile kilicholetwa na mwalimu aliyesomea kazi na mwenye watoto wachache.

Sasa tazama California. Mwaka 1996 jimbo hilo liliamua kwa haraka kwamba madarasa ya chini kabisa, hadi darasa la tatu, yasizidi watoto 20. Nia ilikuwa njema, ila madarasa mapya mengi yalihitaji walimu wapya wengi kwa wakati mmoja, na walimu wenyewe hawakuwapo. Walioajiriwa wengi hawakuwa na hati kamili za ualimu, na hao waliangukia zaidi katika shule za watoto maskini, kwa kuwa walimu wazoefu walihamia kwenye nafasi mpya za shule zenye hali nzuri. Madarasa yalipungua ukubwa, lakini sehemu ya faida iliyotarajiwa ilipotelea katika upungufu wa walimu waliofunzwa.

Sisi tuna historia inayofanana na hiyo. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, nchi ililenga kila mtoto wa umri wa shule awe shuleni kufikia mwaka 1977, na walimu wa kutosha hawakuwapo. Vijana waliomaliza elimu ya msingi walichukuliwa wakafunzwa ualimu wakiwa kazini, kwa masomo ya posta, redio na wakufunzi waliowatembelea. Tunaweza kubishana juu ya ubora wa mafunzo yale, lakini hakuna aliyesema kwamba mafunzo hayakuhitajika. Hilo ndilo linalonisumbua ninaposikia mtu akidai siku hizi kwamba watoto wakiwa wachache, mtu yeyote mwenye upendo na kompyuta anaweza kuwafundisha. Upendo unahitajika, ila haumwonyeshi mtu jinsi ya kumfundisha mtoto wa miaka sita kuunganisha silabi.

Watoto wa umri mbalimbali katika chumba kimoja

Shule ndogo karibu zote zina jambo moja ambalo mzazi halioni mara ya kwanza. Watoto ni 10, lakini si darasa moja la watoto 10. Pengine wawili ni wa Darasa la Kwanza, watatu wa la Pili, wawili wa la Tatu, na waliobaki wa la Nne na la Tano. Mwalimu asiyejua kupanga darasa la mseto ataanguka katika mojawapo ya makosa mawili: atafundisha wote jambo moja, wakubwa wakachoka na wadogo wasielewe, au atawapa wote karatasi za mazoezi, naye apite akisahihisha. Kosa la pili ndilo la kawaida zaidi, kwa sababu chumba kinakuwa kimya na mgeni akiingia huona watoto wanafanya kazi.

Mfano wa kufanya vizuri upo. Kuanzia miaka ya 1970 nchi ya Kolombia ilijenga utaratibu wa shule za vijijini ulioitwa Escuela Nueva, yaani Shule Mpya, ambao baadaye ulienea katika maelfu ya shule. Mmoja wa waanzilishi wake ni Vicky Colbert, ambaye baadaye alipata kuwa naibu waziri wa elimu wa nchi hiyo. Mwalimu mmoja au wawili walifundisha madarasa yote ya msingi. Ili hilo liwezekane, watoto walipewa vijitabu vya mwongozo vilivyowaeleza hatua kwa hatua la kufanya peke yao, la kufanya wawili wawili na la kumwonyesha mwalimu. Kila mtoto aliendelea kwa mwendo wake, na aliyeugua au aliyekuwa shambani wakati wa mavuno aliendelea pale alipoishia. Walimu walihudhuria mafunzo kabla ya kuanza na wakati wa kazi, na wale wa shule jirani walikutana mara kwa mara kujadili matatizo yao. Mwalimu wa shule ndogo hakuachwa peke yake.

Tofauti ya Escuela Nueva na shule ndogo nyingi zinazotangazwa leo ni kwamba utaratibu ulitayarishwa kwanza, walimu wakafunzwa, ndipo watoto wakakusanywa. Kinyume chake, mtu hukusanya watoto kwanza kisha akatafuta utaratibu, na akiukosa hukabidhi kazi kwa kompyuta. Mtoto anayejua kusoma anaweza kunufaika na kompyuta kwa muda fulani. Mtoto ambaye bado anajifunza kusoma anahitaji mtu wa kuona midomo yake, kusikia sauti yake na kumsahihisha papo hapo.

Maswali ambayo mzazi auliza kabla ya kuandikisha

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mzazi hana budi kuipima shule kwa maswali, wala asitosheke na tangazo. Yafuatayo ndiyo ambayo ningependa kila mwanachuo ayajue, ayaeleze kwa mzazi kwa heshima na bila kumshawishi upande wowote.

1. Nani anafundisha, na amefunzwa nini? Mzazi asiulize tu kama mtu huyo anapenda watoto. Aulize amesomea ualimu wapi, amefundisha madarasa gani, na nani atashika nafasi yake akiugua. Shule ya mwalimu mmoja husimama na kuanguka pamoja na mwalimu huyo. Akiolewa mkoa mwingine, au akipata kazi nzuri zaidi katikati ya mwaka, watoto wote wanabaki bila shule siku moja.

2. Mtoto mdogo kuliko wote anafanya nini wakati mkubwa anafundishwa? Hili ndilo swali la mbinu, na mzazi hahitaji kuwa amesomea ualimu ili aliulize. Aombe kukaa darasani asubuhi moja. Akiona mwalimu anakaa na kundi moja kwa dakika 20, kundi la pili likiandika na la tatu likisomeana wawili wawili, kisha wakabadilishana, ajue mwalimu huyo anayo mipango. Akiona watoto wote wameinamia karatasi au vioo vya kompyuta asubuhi nzima, ajue anachokilipia ni usimamizi.

3. Maendeleo yanapimwaje na kuandikwa wapi? Katika darasa dogo mwalimu hujidanganya kwa urahisi kwamba anawajua wote, kwa hiyo haandiki. Mzazi aombe kuona daftari la kumbukumbu za mtoto: Januari alisoma nini, Aprili anasoma nini. Pasipo maandishi, sifa za mdomo hazitoshi. Mtoto akihamia shule nyingine atakwenda na nini?

4. Shule inajibu kwa nani? Katika Tanzania, Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inataka shule isajiliwe. Mzazi aombe kuona hati ya usajili, na asome vizuri ni usajili wa nini. Kibali cha kituo cha kulelea watoto mchana si usajili wa shule ya msingi. Usajili ndio unaomleta mthibiti ubora, ndio unaohakikisha kwamba kuna choo, maji na mlango wa pili moto ukitokea, na ndio unaomwezesha mtoto kutambuliwa anapofika wakati wa mtihani wa kumaliza elimu ya msingi. Shule shikizi iko chini ya shule mama, na mwalimu mkuu wa shule mama anaijua. Chumba cha mtaani kisichojulikana na ofisi yoyote hakina wa kukijibia. Mtoto akidhuriwa humo, mzazi atamshitakia nani kwanza?

5. Mtoto mwenye mahitaji maalumu atapata nini? Wazazi wa watoto wasiosikia vizuri, wasioona vizuri au wanaojifunza polepole huvutiwa sana na shule ndogo, wakitumaini utulivu. Utulivu husaidia, lakini mtaalamu hapatikani kwa sababu tu watoto ni wachache. Huko Arizona mzazi anayechukua fedha za mpango niliokwisha kuutaja huiondolea shule ya umma ya wilaya yake wajibu wa kumsomesha mtoto huyo kwa muda wote wa mkataba. Wajibu huo, kwa mtoto mwenye ulemavu, ni pamoja na huduma maalumu ambazo sheria ya nchi inazilazimisha. Mzazi asiyesoma mkataba hadi mwisho anaweza kuacha haki kubwa ili apate chumba kidogo. Funzo lake kwetu ni kwamba mzazi aulize anaacha nini, pamoja na kuuliza anapata nini.

6. Mtoto atakosa nini kati ya vile vinavyopatikana penye wengi? Shule kubwa ina timu ya mpira, kwaya, bustani, gwaride, na watoto wa kila namna ya nyumba. Mtoto anayekua miaka saba pamoja na watoto tisa wa majirani wenye kipato sawa na cha baba yake hatawajua wenzake wa taifa hili. Huenda mzazi ameridhika na hilo, lakini aliridhie akiwa analijua.

Kama majibu ya maswali haya ni mazuri, sioni sababu ya mwalimu kumzuia mzazi. Shule ndogo yenye mwalimu aliyefunzwa, mpango wa darasa la mseto, kumbukumbu zilizoandikwa na usajili halali inaweza kumlea mtoto vizuri kuliko chumba cha watoto 90. Kusema kinyume cha hapo kwa kulinda heshima ya shule zetu kungekuwa kutomtendea mtoto haki.

Wajibu wa mwanachuo

Baada ya kuyasema hayo juu ya wazazi, sina budi kusema na ninyi, ndugu wanachuo, kwa kuwa maswali yaleyale yanawahusu mtakapopewa darasa.

Mtakapopangiwa shule shikizi, msidhani mmepewa kazi nyepesi kwa sababu watoto ni 25. Watoto 25 wa madarasa matatu ni kazi ngumu kuliko 45 wa darasa moja, kama hamkutayarisha. Andalio la somo la darasa la mseto linaandikwa kwa safu: kila kundi na safu yake, ili mwalimu aone kwa jicho moja nani yuko naye, nani anaandika na nani anasoma na mwenzake. Kazi ya kundi lisilo na mwalimu hapana budi iwe imeandikwa ubaoni au kwenye kadi kabla ya kengele. Zana zikiwa za kudumu, kama kadi za silabi, vizibo vya kuhesabia na vijitabu vya hadithi vilivyoshonwa kwa mkono, mtazitumia mwaka mzima. Na tafuteni walimu wa vituo jirani mkutane angalau mara moja kwa mwezi, kama walivyofanya wale wa Kolombia. Upweke hudhoofisha mbinu za mwalimu taratibu, bila yeye kujua.

Mtakapopangiwa darasa la watoto 90, msikate tamaa na kusema kwamba mema ya darasa dogo si yenu. Hamwezi kuwasikiliza wote leo, lakini mnaweza kuwasikiliza sita kila siku, mmoja baada ya mwingine, wakati wenzao wanaandika au wanasomeana. Kwa siku 15 za shule, yaani wiki tatu, kila mtoto atakuwa amesoma mbele yenu peke yake, nanyi mtakuwa mmeandika mstari mmoja juu yake katika daftari. Katika mwaka hilo litarudiwa zaidi ya mara kumi. Mzazi wa mtoto huyo akija kuuliza, mtafungua ukurasa na kumwonyesha mtoto wake alipokuwa mwezi Machi na alipo sasa. Mzazi aliyeonyeshwa ukurasa kama huo hana haraka ya kumtoa mtoto wake, na akimtoa, atajua maswali ya kuuliza huko aendako.

Wengine watasema kwamba kumwelekeza mzazi jinsi ya kuikagua shule ya mtu mwingine si kazi ya mwalimu. Mimi naona ni kazi yetu kabisa. Mzazi wa kawaida hana njia ya kupima ufundishaji ila tumpe sisi. Tusipompa, atapima kwa vitu anavyoweza kuviona: idadi ya watoto, rangi ya sare, kompyuta mezani, Kiingereza cha mlezi. Mtoto hupoteza miaka yake ya kwanza ya kusoma mara moja tu, na miaka hiyo ikipotea, ni shida kuirudisha, iwe aliipoteza katika chumba cha watoto 90 au cha watoto tisa.